Mto, Kinubi na Mji: Habari za Maji kutoka Itiryo hadi Misri

Mtu asimamaye Itiryo, katika nyanda za juu za Tarime, karibu na mpaka wa Tanzania na Kenya, haoni mto mkubwa mbele yake. Aona vilima, mashamba ya mahindi na migomba, ng'ombe wakiteremshwa mabondeni, na vijito ambavyo wakati wa kiangazi mtoto aweza kuviruka. Wahenga walisema kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na huenda mgeni akadhani kwamba methali hiyo yavifaa vijito hivi. Lakini katika historia vijito vya Tarime havina udogo huo. Maji yake, ama yateremkayo kwenye Mto Mara, ama yafuatayo Mto Mori, mwisho wake ni Ziwa Viktoria. Na maji yatokayo ziwani pale Jinja ndiyo yaitwayo Nile Nyeupe, ambayo hupita Uganda, Sudani Kusini, Sudani na Misri hata kuingia katika bahari ya Mediterania. Tone la mvua lililoanguka juu ya paa la nyumba Itiryo, lisipochukuliwa na jua njiani, laweza kupita chini ya madaraja ya Kairo.

Kusema kwamba maji ni uhai ni kusema neno la kweli ambalo halimwongezei msikilizaji elimu yoyote. Kila mtu alijua hayo kabla ya kwenda shule. Lipasalo kuulizwa ni hili: kwa njia gani maji huingia katika sanaa ya watu, na kwa sababu gani watu wa miji, ambao hunywa zaidi kuliko wote, huwa wa kwanza kusahau yanakotoka? Makala haya yajaribu kulijibu swali hilo kwa kuufuata mto mmoja na chombo kimoja cha muziki. Mto ni Mara, na chombo ni litungu la Wakuria.

Mto Mara huanzia katika vinamasi vya milima ya Mau nchini Kenya. Vijito vyake vikubwa viwili, Nyangores na Amala, hukutana na kuwa mto mmoja, ambao hupita katika mbuga za Maasai Mara, huvuka mpaka na kuingia Serengeti, kisha huelekea magharibi kusini ya nchi ya Wakuria, hutanda katika vinamasi vipana vya mafunjo, na mwisho huingia ziwani karibu na mji wa Musoma. Urefu wake ni kama kilomita 395. Mkoa mzima waitwa kwa jina lake. Na msomaji asiyapite mafunjo yale bila kuyatazama, kwa maana ndiyo majani ambayo Wamisri wa kale waliyachana, wakayapanga na kuyagandamiza, wakapata karatasi ya kuandikia. Mlangoni mwa Mto Mara mmea huo waezeka nyumba na kusukwa mikeka. Mlangoni mwa Nile ulichukua hesabu za wafalme. Mmea ni mmoja, na maji ni mamoja. Kazi ndiyo iliyotofautiana.

Wakuria wakaa baina ya Mto Migori upande wa Kenya na bonde la Mto Mara upande wa Tanzania. Nchi yao, kwa hiyo, ilielezwa kwa mito kabla haijaelezwa kwa ramani. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipopatana kuigawana Afrika ya Mashariki, mstari ulichorwa kuanzia mlango wa Mto Umba pwani, ukaupinda mlima wa Kilimanjaro, ukanyooka hata ufuko wa ziwa panapopita latitudo ya digrii moja kusini. Tazama jinsi mambo yalivyokuwa: mstari ulianzia mtoni ukaishia ziwani, lakini katika safari yake yote ya bara haukuuliza mto wowote njia. Ukapita katikati ya koo, malisho na makaburi. Watu wa ukoo mmoja wakawa raia wa madola mawili, na kijito ambacho jana kilikuwa mahali pa kunyweshea mifugo kikawa mahali pa kuulizwa cheti. Maji hayakutii amri hiyo. Mara yaendelea kuvuka mpaka mchana na usiku bila ya hati, na nyumbu zaidi ya milioni moja hufanya safari yao katika nchi hizo mbili kila mwaka.

Sasa na tulitazame litungu. Ni chombo kikubwa cha nyuzi nane. Kina mwili wa mti uliochimbwa na kuwambwa ngozi, mikono miwili inayoinuka kutoka mwilini, na mti wa kukingama juu unaozishika nyuzi. Zamani nyuzi zilifanywa kwa mishipa ya ng'ombe. Sauti yake ni nzito, yenye kuvuma, na mpigaji huketi akazidonoa nyuzi kwa vidole, huku mguu wake ukigonga kipande cha ubao na kuupa wimbo mapigo yake. Mbele yake hucheza watu, na wachezaji wa Kikuria wamejulikana mbali kwa viatu vyao vya mti vyenye soli nene na kwa manyoya ya mbuni vichwani. Mpiga litungu husifu watu na ng'ombe, hutaja nasaba, hukumbusha vita na mapatano, huonya, hucheka, tena humwaibisha aliyestahili kuaibishwa. Katika jamii ambayo historia yake haikuandikwa, yeye alikuwa mwenye kuihifadhi.

Mtu aweza kuuliza: katika habari hizi maji yako wapi? Mpiga litungu asifuye ng'ombe hataji mto. Hapa ndipo lilipo kosa la wengi waandikao juu ya sanaa na maumbile. Wao huyatafuta maji katika maneno ya wimbo, na wasipoyaona husema hayamo. Lakini chombo chenyewe ni hati. Umbo lake, idadi ya nyuzi zake na mahali kinapopatikana vyatueleza habari ambazo mwimbaji mwenyewe huenda hazijui, kama vile mtu asemavyo lugha ya mama yake bila kujua maneno yake yalitoka nchi gani.

Chombo cha namna hii, chenye mikono miwili na mti wa kukingama, hakikuenea Afrika nzima. Chapatikana upande wa kaskazini-mashariki na katika bonde la maziwa makuu, na kusini zaidi ya hapo aghalabu hakionekani miongoni mwa vyombo vya asili. Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huvaa pete ya chuma katika kidole cha mguu na kugonga nayo mti wa chombo. Wakisii wana obokano, nayo ina nyuzi nane. Wabukusu wana litungu lao, lenye jina hilo hilo lakini aghalabu lenye nyuzi saba. Baganda wana endongo, ambayo huwambwa ngozi ya kenge, mnyama apendaye kingo za maji, na nyuzi zake hupita karibu sana na magamba hata zikatoa sauti ya kuvuma. Ukienda mbele kaskazini wakutana na tambura ya Sudani na kisiri ya Wanubi. Ukigeuka kwenye vyanzo vya Nile ya Buluu, wakutana na krari na begena za Ethiopia. Na katika Misri yenyewe, huko Beni Hasan, juu ya ukuta wa kaburi la mkuu aitwaye Khnumhotep, mchoraji wa yapata mwaka 1900 kabla ya Kristo alichora msafara wa watu waliotoka Asia, na mmoja wao amechukua chombo cha jamii hiyo hiyo.

Lugha yetu nayo imeacha alama. Sisi Waswahili chombo hiki twakiita kinubi, na jina hilo laonekana kubeba ndani yake jina la Nubi, nchi iliyokaa katika kingo za Nile baina ya Misri na Sudani. Aliyekipa jina hilo hakuandika kitabu, lakini katika neno moja alituwekea ushahidi kwamba watu wa pwani walikihesabu chombo hiki kuwa mali ya watu wa mtoni.

Hapa yatupasa kuwa na hadhari. Wazee wa Kikuria husimulia kwamba babu zao walitoka Misri, na simulizi hilo limo pia miongoni mwa majirani zao. Paul Asaka Abuso, aliyechapisha mwaka 1980 kitabu cha historia ya kimapokeo ya Wakuria, aliyapa mapokeo hayo nafasi yake, na Profesa William Ochieng' aliyachunguza masimulizi ya Misri katika Afrika ya Mashariki kwa jicho la mwanahistoria mwenye mashaka. Wako wasemao kwamba jina la Misri liliingia katika midomo ya wazee pamoja na mafundisho ya Biblia, na kwamba safari ya Waisraeli ilivishwa nguo ya Kikuria. Msomaji atashawishika kusema: litungu lafanana na kinubi cha Nubi, na wazee wasema walitoka Misri, basi jambo limethibiti. Haliwezi kuthibiti kwa namna hiyo. Chombo chaweza kusafiri pasipo kabila. Chaweza kutoka kwa jirani hadi kwa jirani, kwa ndoa, kwa biashara, kwa wizi, au kwa fundi mmoja aliyekiona sokoni akaenda kukiiga nyumbani. Lugha ya Wakuria ni ya Kibantu, na Wajaluo wapigao nyatiti husema lugha ya jamii nyingine kabisa. Kama kinubi kingekuwa cheti cha nasaba, watu hao wangekuwa ndugu wa tumbo moja. Kinubi chathibitisha jambo dogo zaidi, nalo latosha: watu wa bonde hili walisikilizana. Bonde la mto ni kama baraza refu. Asemaye mwisho mmoja husikiwa, baada ya miaka mingi, mwisho wa pili.

Kwamba chombo chaweza kusafiri bila kabila twaonyeshwa pia na Ghuba. Katika Basra, Kuwait na Bahrain tambura ilipigwa na watu wenye asili ya Afrika, ambao wengi wa wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Sudani na Afrika ya Mashariki. Watu hao hawakuruhusiwa kuchukua mali. Walichukua vichwani mwao kumbukumbu ya jinsi mti unavyokingamishwa na nyuzi zinavyofungwa, na walipofika ng'ambo walikiunda chombo upya. Maji ya bahari yaliwatenga na nchi yao, na chombo cha watu wa mtoni kikawarudishia sehemu yake kila usiku wa ngoma.

Ikiwa muziki wa Nile ulifika Tarime kwa njia ya bara, kutoka baraza hadi baraza, ulifika Unguja kwa njia nyingine na kwa muda mfupi zaidi. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hata 1888, alizuru Uingereza mwaka 1875, na katika kurudi kwake alipita Misri. Yasimuliwa kwamba alivutiwa na muziki wa Kairo, akawaita wapigaji wa Kimisri katika jumba lake, na akampeleka Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kupiga ganuni. Hiyo ndiyo mbegu ya taarabu kama wasimuliavyo Wazanzibari. Na mwaka 1905, baada ya Barghash kufariki, ikaundwa Nadi Ikhwani Safaa, chama ambacho kiliulea muziki huo karne nzima na zaidi. Hata baadaye masikio ya Unguja hayakuacha kuelekea Kairo. Ahmad Shawqi, mshairi mkubwa wa Misri aliyefariki mwaka 1932, alitunga kasida juu ya Mto Nile; Riyad al-Sunbati akaitia muziki, na Umm Kulthum akaiimba. Sauti hiyo ya Umm Kulthum ilipendwa mno katika mwambao wetu kwa njia ya santuri na redio. Msikilizaji wa Unguja aliupokea wimbo wa Nile kama wimbo wa ugenini wenye heshima. Nani alimwambia kwamba sehemu ya mto uliosifiwa ilianzia kwenye vijito vya nchi ya bara iliyo karibu naye?

Lakini kuna jambo jingine alilolifanya Barghash, na ajabu ni kwamba waandishi wa taarabu hawalitaji na waandishi wa mabomba hawaitaji taarabu. Yeye ndiye aliyeleta maji kwa mfereji kutoka chemchemi za nje hata ndani ya mji wa Unguja, na ndiye aliyejenga hamamu ambayo mtaa wake mpaka leo waitwa Hamamni. Mtu mmoja, katika utawala mmoja, aliuletea mji maji ya kunywa na muziki wa kusikiliza. Kwake yeye mambo haya mawili yalikuwa jambo moja, yaani ustaarabu wa mji. Mji mwema ni ule ambao maji hufika nyumbani na sauti njema hufika barazani. Hilo ni wazo kubwa. Lakini ndani yake mna hatari, nayo yataka maelezo.

Kabla ya bomba, mji wa Mswahili ulikuwa na kisima. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yanaonyesha visima virefu vilivyochimbwa kwa kazi ngumu, na James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua magofu hayo mwaka 1948, alidhani kwamba kushuka kwa maji ya visima kulikuwa miongoni mwa sababu za mji kuhamwa. Katika fasihi yetu kisima chenye sifa kuliko vyote ni kile cha hadithi ya Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa nchi za mlango wa Mto Tana na visiwa vya Lamu. Wasimulizi husema kwamba mwanawe alirubuniwa na adui, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Na Liyongo, akijua kuwa anakufa, alikwenda kisimani akapiga goti, akauvuta upinde, akakata roho katika hali hiyo. Watu wa mji walimwona kwa mbali wakadhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji. Siku zikapita na mji ukawa na kiu, hata mama yake akaenda kumbembeleza, na mwisho mwili ukaanguka. Muhammad Kijumwa aliyatia mambo hayo katika utenzi mwaka 1913.

Mtungaji wa kwanza wa hadithi hiyo alijua siasa ya mji kuliko wengi walioandika vitabu vya siasa. Hakumuua shujaa wake katika kiti cha enzi wala vitani. Alimweka kisimani, kwa kuwa alijua kwamba mji uliomkosea mtu wake utaijua dhuluma yake siku utakapokosa maji. Hadithi kama hiyo yaweza kuzaliwa katika mji ambao kila mtu akijua kisima kiko wapi. Katika mji wa mabomba maji hutoka ukutani, na mtoto wa mji aweza kukua akadhani kwamba ukuta ndio uliyoyazaa. Bomba limeondoa taabu nyingi, hasa taabu ya mama zetu na dada zetu waliobeba mitungi, na mtu mwenye akili hatatamani taabu hiyo irudi. Walakini pamoja na taabu limeondoa maarifa. Na sanaa, ambayo hulishwa na maarifa ya namna hiyo, imepungukiwa.

Kusahau huko kwaweza kuandikwa hata katika sheria. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua juu ya maji ya Nile. Barua hizo zilitaka kwamba bila ya ridhaa ya Misri kusifanywe, katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, kazi yoyote ya umwagiliaji au ya nguvu za maji juu ya Nile na matawi yake, au juu ya maziwa yanayoutoa mto huo, ambayo ingepunguza maji yafikayo Misri, kuyachelewesha au kuyashusha kina chake kwa namna ya kuidhuru nchi hiyo. Tanganyika wakati ule ilikuwa chini ya Uingereza. Kwa hiyo bwawa lililotaka kujengwa juu ya mto wa Tarime lilikuwa na mwenye kuliruhusu aliye mbali sana. Neno hili halikuwa maandishi matupu: bwawa la Owen Falls lilipojengwa Jinja na kufunguliwa mwaka 1954, Misri ilishauriwa, tena iliweka mhandisi wake pale. Wakuria, waliosimulia kwamba wametoka Misri, hawakuulizwa kama wameridhika kuitunzia Misri maji.

Aliyelikataa jambo hilo alikuwa mtu wa bonde lile lile. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwendo usio mrefu kutoka Mto Mara. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudani kwamba nchi huru haifungwi na barua hizo za mwaka 1929. Mtu huyo huyo mwaka 1969 alichapisha tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyowekwa katika mji uliojengwa juu ya maji, ambamo madai ya hati iliyotiwa sahihi hupambana na madai ya haki. Simwambii msomaji kwamba alipokuwa akifasiri alizikumbuka barua za Nile. Namwambia tu kwamba mtu aliyezaliwa bonde la Mara alikuwa na sababu ya kulifahamu swali hilo vizuri. Baadaye ilikuja Entebbe: tarehe 14 Mei 2010 Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia sahihi mapatano mapya ya kulitumia bonde la Nile kwa ushirika, nayo yakaanza kutumika Oktoba 2024. Misri na Sudani hazikuyakubali. Kwa hiyo swali la nani mwenye maji halijafungwa, na msomi asiharakie kulifunga kwa upande wa jirani zake tu. Kairo nao wana watoto wenye kiu, na mvua yao ni haba.

Na kama yuko adhaniye kwamba maji yakigawanywa na wahandisi sanaa haiguswi, na aitazame Nubi, nchi ambayo jina lake limo katika kinubi chetu. Bwawa Kuu la Aswan lilijengwa baina ya miaka 1960 na 1970. Maji yaliyokusanyika nyuma yake yaliifunika nchi ya Wanubi upande wa Misri na upande wa Sudani. Vijiji vikazama, mitende ikazama, na watu kwa maelfu wakahamishwa mbali na mto. Hekalu za Abu Simbel zilikatwa mawe kwa mawe zikainuliwa mahali pa juu, na ulimwengu wote ulichangia gharama. Nyimbo za vijiji hazikupata mchango wa namna hiyo. Hamza El Din, mwanamuziki wa Kinubi kutoka Toshka, alichukua udi akazipeleka nyimbo za nchi yake katika nchi za mbali, na mwaka 1971 ilitoka santuri yake iliyopewa jina la gurudumu la maji, lile lizungushwalo na ng'ombe kuyapandisha maji shambani. Kijiji chake kilikuwa chini ya maji. Gurudumu lilibaki likizunguka katika nyuzi. Ushahidi wa kwamba mto huingia katika sanaa ni huo, na ni ushahidi wenye huzuni, kwa kuwa mto uliimbwa hivyo baada ya nchi yake kupotea.

Je, Mara nayo yangojea siku hiyo? Msitu wa Mau, ambao huutunzia mto maji yake, umepungua sana kwa kukatwa kwa ajili ya mashamba na makazi. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka katika eneo la machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, wilayani Tarime, yaliingia katika Mto Tigithe, ambao humimina maji yake katika Mara. Machi 2022 maji ya Mara, upande wa vinamasi, yaligeuka meusi na samaki wakafa; kamati iliyoundwa na serikali ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea, na wananchi wengi hawakuridhika na jibu hilo. Tangu mwaka 2012 Kenya na Tanzania zimekuwa zikiadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba. Hilo ni jema. Lakini picha ya Mara inayojulikana ulimwenguni mpaka leo ni nyumbu wakijitupa mtoni na mamba wakiwangojea. Ni picha ya kweli, na uzuri wake hauna shaka. Upungufu wake ni kwamba haina watu. Mto wenye nyumbu tu hulindwa kwa ajili ya wageni. Mto wenye nyimbo hulindwa na wenyeji wake.

Wala miji isidhani kuwa imesalimika. Dar es Salaam ina mto wake, Msimbazi, ambao kwa miaka mingi wakazi waliupa taka na wakaujenga kingoni. Desemba 2011 mto huo ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande. Mji uliousahau mto wake uliamshwa usiku kukumbushwa.

Basi maji huingia katika sanaa kwa milango mitatu. Huingia yakiwa njia, kama yalivyokipitisha kinubi katika baraza refu la Nile. Huingia yakiwa kumbukumbu, kama alivyolichukua Hamza El Din gurudumu la kijiji kilichozama. Na huingia yakiwa haki, kama kisima cha Liyongo. Mlango wa tatu ndio ambao fasihi yetu ya leo haijaupitia vya kutosha, nao ndio ambao wakati wetu unautaka zaidi.

Kwa wanafunzi wasomao makala haya nina ombi moja lisilohitaji fedha nyingi. Vijito vya Itiryo na vya vijiji jirani vina majina. Kila jina lina sababu, na aghalabu lina kisa, na pengine lina wimbo. Ramani za wapimaji hazikuyachukua yote, na wazee wayajuao wanapungua kila mwaka, kama wanavyopungua mafundi wa litungu. Anayetoka bonde lile na aende likizo hii na daftari, aketi na mpiga litungu mmoja, amwombe amtajie vijito kuanzia kilimani hata mtoni, kimoja kimoja. Akirudi, na ayaweke majina hayo mahali ambapo mhandisi, hakimu na mshairi wataweza kuyasoma. Kwa maana kijito kisicho na jina katika daftari ni rahisi kukiuza, kukitia sumu na kukikausha, na siku kitakapokauka hata wa kukililia hatajua amlilie nani.